Shingo ya Mkwe

Mkewe alipomwita, Fundi aligeuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Miguu ilitangulia, kikafuata kiuno, kikaja kifua, na kichwa kikawa cha mwisho, kimekaa juu ya mabega utadhani kimejengewa kwa saruji.

Dobi aliiweka pasi kwenye kigae chake, akamtazama mumewe kwa muda.

"Mimi nimeita sikio moja," akasema. "Naona umeniletea mpaka magoti."

"Vinasafiri pamoja siku hizi," Fundi akajibu. "Kimoja kikibaki nyuma nalia."

Walicheka, lakini kicheko cha Dobi hakikushuka chini. Kwani huo ulikuwa mzaha wao wa kila asubuhi, na kila asubuhi kabati lilikuwa likizidi uzito.

Mtaani walimwita Fundi tu, lakini kazi yake hasa ilikuwa dari. Kuna mafundi wa plasta wengi wanaoweza ukuta, maana ukuta unatazamana nao uso kwa uso kama mtu mwenye adabu. Dari ni jambo jingine. Unasimama juu ya jukwaa, mkono wa kushoto umeinua ubao wenye plasta, mkono wa kulia unapaka kwa mwiko, uso juu, kidevu juu, kutwa nzima. Ukipumbaa, plasta inakudondokea jichoni. Fundi aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Akimaliza dari hulala chini chali sakafuni, alitazame peke yake kabla ya kuondoka, na watu wakamwona kama ana kichaa kidogo.

Kwa miaka mingi shingo ilikuwa inalalamika jioni na kusahau asubuhi. Mwaka huo ikaacha kusahau. Kulia iligeuka kidogo, kushoto haikugeuka, na kutazama juu ndiko kulikokataa kabisa. Alikwenda zahanati. Daktari akampima vizuri, akampima nguvu za mikono, akamwuliza kama vidole vinakufa ganzi, akamwambia mifupa haina neno. Ni misuli imechoka ikajikaza. Aipashe joto, akandwe polepole, na asiinue mikono hewani kutwa bila kuipumzisha. Fundi alirudi nyumbani amefurahi kama mtu aliyesikia msiba umekosea mlango.

Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Ukumbi mpya wa mikutano waliokuwa wakiujenga ulikuwa umekwisha kuezekwa, na dari lake, pana lisilo na nguzo katikati, lilikuwa linasubiri mtu. Msimamizi hakumficha.

"Fundi, dari hili nimekuwekea wewe. Lakini ukija na shingo hiyo, utakaa chini uchanganye mchanga, na Mrefu atapanda juu."

Mrefu alikuwa mfanyakazi mwenzake, mtu mzima mwenye mikono mirefu na haraka kama ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Plasta yake ilikuwa na mawimbi. Fundi hakumchukia, walikuwa wakila pamoja. Ila kumchanganyia Mrefu mchanga, huku dari lile likiharibika juu ya kichwa chake, na yeye asiweze hata kuinua uso alione, hilo lilimkaa kooni kama mfupa. Dobi alilijua bila kuambiwa, kwa sababu mumewe alikuwa ameacha kusimulia habari za kazini.

Sasa ajabu ya nyumba ile ni kwamba dawa ilikuwa sebuleni, inakunywa chai.

Mama yake Dobi alikuwa mkandaji. Aliishi chumba cha pili, ng'ambo ya ua, na mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwake: wanawake waliojifungua, wapagazi, walimu waliopinda kwa kusahihisha madaftari. Mgongo wa nani haukuujua ule mkono? Wa mkwewe tu. Maana mama huyu na Fundi waliheshimiana tangu siku ya posa mpaka heshima yenyewe ilikuwa imechoka. Huyu akiingia, yule anasimama. Yule akikohoa, huyu anaomba radhi. Walisalimiana mlangoni, kila mmoja akitazama miguu ya mwenzake. Kumvua mkwe shati na kumshika shingo? Mama alisema heri apewe ukuta aukande.

"Basi nitamkanda mimi," Dobi akasema.

Mama akamtazama mikono, ile mikono iliyonyanyua pasi ya mkaa tangu ujana.

"Wewe?"

"Nina nguvu, mama."

"Ndizo zinazonitisha."

Wakakubaliana hivi: Fundi akae kwenye kiti kilichogeuzwa, kifua kwenye egemeo, paji la uso juu ya mto. Dobi asimame nyuma yake. Mama akae upande wa pili wa pazia, tena awape mgongo, aelekeze kwa mdomo.

"Paka mafuta viganjani, uyasugue yapate joto," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Usianze shingoni. Anza chini, katikati ya mgongo, kiganja chote, upande kwa upande. Uti wa mgongo wenyewe usiuguse. Panda mpaka mabegani."

Dobi akapanda. Juu ya bega la kulia, karibu na shingo, kidole gumba chake kikakutana na fundo, gumu kama kokwa. Na hapo udobi ukamzidi. Yeye maisha yake yote alikuwa akiona mkunjo anajua la kufanya: unaulalia kwa uzito wako mpaka unalala. Akalilalia fundo.

"Mkwe wangu, unaumia?" Mama akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Hapana, mama," Fundi akajibu upesi. "Safi kabisa."

"Nguvu zinatosha?"

"Zinatosha, mama. Raha tupu."

Dobi akaona hapo ndipo penyewe. Akaongeza kiwiko. Fundi alikuwa ameshika miguu ya kiti kama mtu anayevuka mto wenye mamba, na mto wa kichwa ulikuwa unaanza kulowana, lakini kutoka kinywani mwake yalitoka maneno matamu tu: ahsante mama, Mungu akubariki mama, mikono ya mwanao ni dhahabu.

Asubuhi yake hakuweza kuvaa shati. Bega lilikuwa limevimba na kupata rangi ya biringanya, na ile shingo iliyokuwa ikigeuka kidogo kulia sasa haikutaka kusikia habari za upande wowote.

Dobi alisimama mbele yake na shati mkononi, hajui alipeleke wapi.

"Si ulisema raha tupu?"

"Ningesemaje?"

"Ungesema unaumia."

"Nilie mbele ya mama mkwe?"

"Alikuwa nyuma ya pazia."

"Pazia halizibi masikio, mke wangu." Kisha akasema taratibu, akitazama sakafu kwa kuwa ndiyo pekee aliyoweza kuitazama, "Mwache Mrefu apande. Labda dari limenikataa."

Neno hilo lilimchoma Dobi kuliko pasi zote zilizowahi kumchoma. Akavuka ua, akamkuta mama yake anapepeta mchele, akamweleza yote, la bega na la dari. Mama mwanzoni alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akaacha kucheka.

"Na kidole chako kilipolipata fundo, ulifanya nini?"

"Nililibana mpaka lilegee."

"Likalegea?"

"Likawa gumu zaidi. Nikaongeza."

"Mwanangu, shati halina woga. Nyama ya mtu ina woga. Ukiivamia inajikunja ijilinde, ukizidi nayo inazidi. Unaiwekea kidole, unangoja. Yenyewe ikikuamini inakufungulia." Akaokota punje iliyoruka. "Na nitajuaje mimi kwamba umezidisha, kama mwenye shingo anatoa shukrani kama yuko harusini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu wako anayaficha maradhi kwa ajili yangu mimi."

"Basi tufanyeje?"

"Kwanza mwache apoe. Asiguswe. Wewe si dobi? Mpe joto la kidobi."

Hilo Dobi aliliweza. Alikuwa akilowanisha taulo, analikamua, analipitishia pasi mpaka linatoa mvuke, analijaribu kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, kisha anamzungushia mumewe mabegani. Taulo likipoa analeta jingine. Hakusema neno la Jumatatu, na Fundi hakulisema. Uvimbe ukashuka, ile biringanya ikageuka manjano, lakini kichwa kilibaki pale pale kilipojengewa.

Jumamosi mchana, Fundi ameketi kitandani na taulo lake, pazia likafunguka. Mama aliingia, akalikusanya pazia lote, akalifunga fundo juu kabisa. Fundi akaruka kusimama, taulo likaanguka.

"Kaa, baba."

"Mama, karibu, mimi nilikuwa natoka..."

"Unatoka kwenda wapi bila shati? Kaa. Leo nakandwa mimi."

Akakigeuza kile kiti mwenyewe, akaketi, akalaza paji la uso juu ya mto, blauzi yake nyembamba mgongoni. Dobi na mumewe wakatazamana.

"Nimekanda watu tangu niko msichana," Mama akasema huku uso uko chini. "Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza shingo yako wewe inaendeleaje. Haya, mwanangu. Na sikiliza masharti. Nikisema 'mm', endelea. Nikisema 'aah', usiongeze, usipunguze, kaa hapo hapo ungoje. Nikinyamaza, ondoa mkono."

"Ukinyamaza?"

"Nikinyamaza nimeanza kuvumilia. Mtu anayevumilia hakandiki."

Dobi akaweka viganja. Akashtuka. Mabega ya mama yake yalikuwa magumu kama mbao za jukwaa, na yeye alikuwa ameyaona maisha yake yote akidhani ndivyo yalivyoumbwa. Macho yakamlowa kidogo, akayaacha. Akaanza chini kama alivyofundishwa, akapanda.

"Mm," Mama akasema. "Mm. Mm. Taratibu we mtoto, hiyo ni shingo, si kola."

Kwenye pembe ya juu ya ubapa wa bega kidole kikagonga ugumu.

"Aaaah," Mama akasema, na haikuwa aah ya adabu. Ilikuwa ndefu, imeanzia tumboni, yenye kona mbili tatu ndani yake. Fundi alitazama dirisha. Dobi akakiacha kidole pale pale, hakukibana, hakukitoa. Mama akavuta pumzi, akaishusha. Akavuta tena. Na pumzi ya tatu iliposhuka, Dobi akahisi jambo ambalo hajawahi kulihisi: ule ugumu uliyeyuka chini ya kidole chake kama samli kwenye kikaango, bila yeye kufanya chochote.

"Umeona?" Mama akasema.

"Nimeona."

"Bado kushoto. Aaaah. Uwii, mama yangu mzazi. Hapo hapo."

Kisha akanyamaza, na Dobi akaondoa mkono mara moja.

"Vizuri," Mama akasema. Akainua uso, nywele zimevurugika, macho yamelegea, na kwa mara ya kwanza tangu posa akamtazama mkwewe machoni. "Umenisikia nilivyolia?"

"Nimesikia, mama."

"Nimejishushia heshima?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

"Basi na wewe usiniheshimu sana, utaniachia mwanangu na mume asiyegeuka. Njoo ukae hapa."

Fundi akaja. Dobi akampasha joto kwanza, kisha akaanza chini. Mama safari hii alikaa mbele yao, kwenye kigoda, mikono mapajani, anasikiliza.

Ile aah ya kwanza ya Fundi ilitoka ndogo, nyembamba, kama mtu anayetaka kupita kwenye kikao.

"Hiyo ni ya kuomba njia," Mama akasema. "Nataka ya mwenye shingo."

"Aah."

"Hiyo ya kusoma gazeti."

Dobi alikuwa amefika bega la kulia, kwenye lile kokwa alilolikandamiza. Fundi akasema 'mm'. Wote wakashangaa. Akalizunguka. Mm, mm. Akavuka kwenda kushoto, upande ambao hakuna aliyewahi kuulalamikia, akashuka nyuma ya ubapa wa bega, akabonyeza kidogo tu.

Sauti iliyomtoka Fundi ilimtimua paka aliyekuwa chini ya meza. Mlangoni alikuwa amefika mwalimu mmoja kuchukua suruali zake. Akasimama, akasikiliza, akasema "Nitapita baadaye, msihangaike," na hatua zake zikasikika zikiongeza kasi.

"Samahani, mama," Fundi akasema.

"Ya nini? Ndiyo niliyokuwa naingoja." Mama alikuwa amesogeza kigoda karibu. "Baba, mkono unaoshika ubao ni upi?"

"Kushoto."

"Unashuka saa ngapi?"

"Haushuki. Ubao ukiisha plasta nauongeza."

"Basi kulia kunalia kwa sababu kushoto kumekufa kazini. Mwanangu, kaa hapo. Usimbane. Mngoje."

Dobi akamngoja. Alikuwa anahisi pumzi ya mumewe ikipanda na kushuka chini ya viganja vyake, na kila ikishuka, uzi mmoja ulikuwa unaachia. Akazunguka mbele ya kwapa, pale misuli ya kifua inapoishia, nako kukatoka aah ya kweli. Akayashika mabega juu kwa kiganja kizima, akayainua na kuyaachia, kama unavyoshika paka kwa ngozi ya shingo bila kumwumiza. Mwisho, kwa maelekezo ya Mama, akamlaza chali kitandani, akaketi kichwani pake, akakipokea kichwa chote mikononi, ncha za vidole zikiwa chini ya kisogo, kwenye vile vishimo viwili.

"Hapo usisugue," Mama akasema. "Beba tu. Kichwa ni mzigo, hajawahi kumpa mtu ambebee."

Kichwa kilikuwa kinakataa kubebwa. Mara ya kwanza Fundi alikiinua mwenyewe ili kumsaidia.

"Usinisaidie," Dobi akamwambia.

Ikapita kitambo. Kisha kichwa kikashuka mikononi mwake, kizito, kizima. Akakiinamisha pembeni pole pole, mkono mwingine ukilizuia bega chini. Kilipogoma hakukisukuma. "Mwambie akusukume yeye, kidogo tu," Mama akasema, "kisha aache." Fundi akausukuma mkono wa mkewe kwa kichwa, kama mtoto anayebembeleza, akaacha, na shingo ikaongeza nafasi ambayo haikuwepo.

Alipoketi, aligeuza kichwa kulia, halafu kushoto, kama mtu anayejaribu mlango aliouzoea umefungwa. Kisha akainua kidevu. Kikaenda. Kikaenda tena. Akalitazama dari la chumba chao wenyewe kwa muda mrefu, uso umekunjamana.

"Hili dari limepasuka tangu lini?"

"Tangu shingo yako ilipokuwa nzima," Dobi akasema.

Mama akaficha mdomo kwa kiganja, lakini mabega yake yakamsaliti.

Jumapili wakarudia, kidogo tu, na Mama akamwachia masharti: apake kipande, ashushe ubao, anyooshe mikono chini, azungushe mabega nyuma, ndipo apandishe tena. "Watakucheka," akamwambia. "Wewe umeshalia mbele ya mama mkwe. Kuna aibu gani imebaki?"

Jumatatu Dobi alipiga pasi mashati yale yale mara mbili. Alijua shingo haijapona, imefunguka tu, na mlango uliofunguka upepo unaweza kuufunga. Aliwaza msimamizi atamwambia tazama juu, nayo igome. Aliwaza mchanga, koleo, na Mrefu jukwaani na mawimbi yake. Mchana Mama alikuja akaketi naye, hawakuzungumza jambo la maana.

Jioni Fundi akatokea mwisho wa barabara. Dobi alitoka mlangoni akamkazia macho, na kwa mbali hakuona kitu ila mwendo wa mtu aliyechoka. Alipokaribia ndipo akaona. Anayechanganya mchanga hurudi na vumbi magotini na viatuni. Magoti ya Fundi yalikuwa safi. Plasta ilikuwa usoni: matone meupe kwenye paji, kwenye nyusi, moja kwenye pua, mengine yamekauka kwenye kope kama ukungu. Plasta humdondokea hivyo mtu mmoja tu kwenye jengo zima.

Dobi alimfuta lile la puani kwa kidole gumba.

"Robo tu," Fundi akasema. "Msimamizi anasema niende kwa mwendo wangu. Mrefu kanicheka asubuhi nzima, eti nanyoosha mikono kama jogoo anayetaka kuwika. Baada ya chakula akanivuta pembeni. Anauliza kama mama mkwe wangu anakanda na watu warefu."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia ajifunze kwanza kupiga kelele."

Akaingia ndani. Mama alikuwa bado ameketi karibu na meza ya pasi, na kwa mazoea Fundi alianza kusimama wima na kuinamisha macho. Kisha akaghairi. Akavua shati, akakigeuza kiti, akaketi, akalaza paji juu ya mto.

"Shikamoo, mama. Bega la kushoto leo limeniua."

"Marahaba, baba. Wapi hasa?"

"Nyuma, chini kidogo. Na shingo upande huu inavuta. Na hapa, na hapa tena pia."

Dobi alikuwa bado anasugua mafuta viganjani yapate joto.

"Aaaah," Fundi akasema.

"Sijakugusa."

"Najua. Naipasha sauti moto."